Muziki wa Ugogo Mbele ya Mhakiki wa Kiswahili

Katika miji mikubwa ya Ulaya mpenda muziki hupewa mwanzoni mwa mwezi orodha ya maonyesho yatakayofanyika ukumbini, naye huchagua apendalo: leo okestra kubwa, kesho vinanda vinne, wiki ijayo kwaya. Mhakiki aendaye huko hapati taabu ya maneno, kwa kuwa kila atakachokisikia kimekwisha kupewa jina zamani. Nyanda za kati za Tanzania nazo zina orodha yao. Tangu mwaka 2009, kwa kawaida mwezi wa Julai, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani, vikundi vya waimbaji na wachezaji kutoka vijiji vya Ugogo hukutana Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma. Tamasha hilo huandaliwa na Kituo cha Sanaa cha Chamwino, ambacho mwanzilishi wake ni Kedmon Mapana, mwanachuoni wa muziki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mambo yasikikayo hapo kwa siku chache hayapungui kwa aina yale ya ukumbi wa mjini kwa mwezi mzima. Kuna nindo, ambamo sauti nyingi hupandana juu ya kiongozi mmoja. Kuna msunyunho. Kuna muheme, ambamo wanawake ndio wapigao ngoma, wamezibana baina ya mapaja, wakizipiga kwa mikono mitupu. Jambo hilo peke yake latosha kumshangaza mtu wa pwani aliyezoea kuona ngoma mkononi mwa mwanamume. Kuna vinanda vya zeze na vya marimba, vikubwa na vidogo. Walakini mhakiki wa Kiswahili, akisha kuyasikia yote hayo, mara nyingi huandika neno moja tu: ngoma zilipendeza. Si kwamba hakusikia. Ni kwamba maneno aliyokwenda nayo hayakumfaa.

Tazama kwanza neno lenyewe, ngoma. Katika Kiswahili ngoma ni chombo kipigwacho, tena ni mchezo uchezwao, tena ni shughuli yote pamoja na watu wake. Upana huo ni utajiri katika mazungumzo, lakini katika uhakiki ni ukungu. Wimbo wa makumbi, yaani wa jando, na wimbo wa kujiburudisha jioni vyote vyaitwa ngoma, hata msomaji asijue kipi kilikuwa na mwiko wake na kipi kilikuwa wazi kwa kila apitaye. Nalo jukwaa lazidisha ukungu huo, maana huviweka vyote katika mstari mmoja, kimoja baada ya kingine, kwa muda uliopimwa.

Majina ya vyombo nayo hupoteza watu. Zeze ya pwani ni ubao mwembamba wenye nyuzi chache na kibuyu, nayo hudonolewa kwa kidole. Izeze ya Wagogo ina kibuyu vilevile, lakini hulia kwa kusuguliwa na upinde mdogo, na sauti yake hukaa karibu sana na sauti ya mwimbaji. Marimba kwa wasomaji wengi ni vipande vya ubao vigongwavyo kwa fimbo. Ilimba ya Wagogo ni kisanduku chenye ndimi za chuma zibonyezwazo kwa vidole gumba. Asomaye kwamba Mgogo alipiga marimba na zeze hujichorea akilini vyombo viwili ambavyo havikuwapo.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi iko katika hukumu. Mambo matatu ya muziki huu huweza kuhesabiwa kuwa makosa, nayo yote matatu ni ufundi. La kwanza ni uvumi, kama wa nyuki, utokao katika ilimba. Msikilizaji mgeni hudhani chombo kimelegea. Kumbe fundi ametoboa tundu katika kisanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, kusudi kila mlio ufuatwe na uvumi wake. Ilimba isiyovuma ndiyo yenye upungufu.

La pili ni ngazi ya sauti. Uzi mmoja ukipigwa, ndani ya mlio wake mkuu mna milio midogo mingine, ipandayo kwa utaratibu wa maumbile. Ngazi ya Wagogo yenye sauti tano yalingana na mlio wa 6, wa 7, wa 8, wa 9 na wa 10 katika utaratibu huo. Sasa, ule wa 7 hauna mahali pake katika piano: uko chini kidogo ya kibonyezo kilicho karibu nao, yapata theluthi ya nusu-hatua. Mwenye sikio lililolelewa na kinanda cha kanisa au gitaa husema kwamba Wagogo wanashusha sauti. Wao hawashushi; piano ndiyo iliyopandisha.

La tatu ni upatano wa sauti. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyeuchunguza muziki huu, ameonyesha kwamba mwimbaji wa pili huiacha sauti moja ya ngazi na kushika ile inayofuata, kisha huendelea hivyo, akiruka moja kila mara. Kwa kuwa hatua za ngazi hazilingani kwa ukubwa, upana kati ya waimbaji hubadilika daima, ingawa kanuni ni ile ile. Maneno ya kwaya, yaani sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, hayawezi kueleza jambo hilo. Maneno hayo yana mizizi mirefu Dodoma, ambako Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, nayo yafaa kabisa kwa kazi yake. Kuyapeleka katika nindo ni kupima maziwa kwa rula.

Wala istilahi za pwani, kama vina, mizani, kituo na kibwagizo, hazitoshi. Hizo zilizaliwa na utungo ambao neno hutawala na sauti hufuata. Katika nindo sauti nyingi hujenga nyumba moja, na neno ni mkazi wake.

Mfano wa Hukwe Zawose waonyesha jambo hili linavyogusa watu. Mzaliwa huyu wa Doduma aliitoa ilimba na izeze Ugogo akazifikisha katika kikundi cha ngoma cha taifa, kisha Bagamoyo, kisha majukwaa ya Ulaya, hata alipofariki mwaka 2003. Sahani yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996, na mwaka 2002 sauti yake ilichanganywa na gitaa na mitambo ya Michael Brook katika Assembly. Kuuliza kama mchanganyiko huo ulimtendea haki ni swali la haki la mhakiki. Lakini halijibiki kwa Kiswahili mpaka pawepo na maneno ya kusema ule mlio wa 7 umefanywa nini, na uvumi umeachwa au umefutwa.

Dodoma ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na serikali imehamia huko. Huenda ukumbi mkubwa wa muziki ukajengwa, na vinanda vyenye ngazi ya piano vikapewa nafasi ya mbele. Mwalimu atakayefundisha watoto wa Chamwino, na mwamuzi atakayetoa tuzo kwa vikundi, watatumia Kiswahili. Kama Kiswahili hicho kina neno la kosa tu mahali ambapo Cigogo kina neno la ufundi, basi ilimba itanyamazishwa uvumi wake na ndimi zake zitachongwa upya zifuate gitaa, tena kwa nia njema. Wazee wanaojua majina hayo bado huja Chamwino kila tamasha. Mkusanyaji wa kamusi hana budi kuketi nao kabla mhakiki hajashika kalamu.