Tanuri la maabara lisilofika joto: anza na mlango na kuta

Ukitaka kujua shamba la michikichi la Kidahwe, mkoani Kigoma, pale njia za Kasulu na Uvinza zinapoachana, limebakiwa na mboji kiasi gani, unakausha udongo, unaupima, unauunguza kwa nyuzi 550 za Selsiasi, kisha unaupima tena. Uzito uliopungua ndio makadirio ya mboji. Lakini tanuri lisipofika 550 na kukaa hapo kwa saa kadhaa, mboji nyingine haiungui, na mkulima anapewa ushauri wa mbolea usiomfaa.

Tanuri likishindwa kupanda, mafundi wengi hukimbilia koili. Wanafunga yenye nguvu zaidi, fyuzi inakatika, wanaongeza fyuzi. Huko ni kutibu pasipouma. Piga hesabu ya tanuri lenye kuta za nusu mita ya mraba, unene sentimita 10, likitakiwa kupanda zaidi, hadi nyuzi 850 ndani, na nje zikiwa 50. Kuta zikiwa za matofali mazito ya moto, joto linalopenya ni karibu wati 4,800. Koili ya wati 2,500 haitalifikisha huko hata ikiwaka usiku kucha. Weka matofali mepesi yenye vitundu, upotevu unashuka hadi wati 1,000 hivi. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya vitundu hivyo.

Waliobuni jiko la kauri la Kenya, mapema miaka ya 1980, walitumia kanuni hiyohiyo. Kati ya bati na chungu cha udongo walijaza saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yanayofumuka yakipata moto. Angalia mahali walipoiweka: nyuma ya chungu, mbali na makaa. Saruji ya kawaida ikikabili moto mkali moja kwa moja hupoteza maji yaliyoishikamanisha, ikamong'onyoka. Kwa hiyo usizibe nayo nyufa za ndani ya tanuri. Tumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na unga wa tofali la moto lililosagwa, na nyufa nyembamba kama unywele ziache. Kuta hutanuka na kusinyaa kila siku.

Tofali jepesi linatengenezeka hapahapa Kigoma. Changanya udongo wa mfinyanzi na pumba za mpunga au maranda. Vikiungua vinaacha vitundu. Ukizidisha pumba tofali linakuwa legelege, kwa hiyo choma vipande vya majaribio kwanza. Sufi ya kauri ya dukani inahami vizuri zaidi, ila nyuzi zake zimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani. Ilowanishe kabla ya kuing'oa, na uvae barakoa ya vumbi inayobana.

Pima na umeme pia. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili inapoteza takriban robo ya nguvu yake, na hapo hakuna ukuta wa kulaumu.

Kabla hujaagiza koili Dar es Salaam, chomoa plagi, acha tanuri lipoe, kisha funga mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Rudia pande zote nne. Kinapochomoka bila kukwama, joto linatokea hapo. Anza matengenezo na mlango huo.