Maneno 850 na Deni la Neno Moja

Nyumbani ninacho kitabu kidogo cha Mwingereza C. K. Ogden kiitwacho Basic English, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1930. Nimekisoma mara kadhaa, na kila mara nimekiweka chini nikiwa na heshima na manung'uniko kwa pamoja. Heshima ni kwa sababu Ogden alithubutu kuwapunguzia wageni mzigo wa Kiingereza. Manung'uniko ni kwa sababu, kwa maoni yangu, mzigo wenyewe hakuupunguza. Aliufungasha upya ukaonekana mdogo.

Mpango wake ulikuwa hivi. Alichagua maneno 850 tu: majina 600, maneno ya sifa 150, na mengine 100 ya kuendeshea sentensi. Humo vitenzi ni 18 peke yake. Mtu akiyashika hayo, alisema, ataweza kuzungumza, kuandika barua na kufanya biashara na dunia nzima. Wakubwa waliipenda fikra hiyo. Winston Churchill aliitetea hadharani kule Harvard, Marekani, mwaka 1943, vita vikiwa bado vinapiganwa, na baada ya vita serikali ya Uingereza ikainunua hakimiliki.

Vitenzi 18! Sisi tuliofundisha Kiingereza darasani tukisikia hesabu hiyo tunafurahi kwanza, kisha tunaanza kuuliza maswali. Katika orodha ile hakuna kitenzi cha kupokea. Hakuna cha kufika, cha kuelewa, cha kupona wala cha kutoroka. Je, mtu wa Ogden hapokei barua, hafiki nyumbani, haponi homa? Anafanya yote hayo, ila kazi zake wamegawiwa vibarua wachache, na kibarua anayelemewa kuliko wote ni neno 'get'.

Tazama, msomaji wangu, kazi za neno hili. Ukisema 'I got a letter', umepokea barua. 'I got home', umefika nyumbani. 'I got wet', umelowa. 'I got him to come', umemshawishi aje. 'He got killed', ameuawa. 'I don't get it', huelewi. 'They got married', wameoana, na wala neno halikuambii nani kaoa na nani kaolewa, jambo ambalo kwetu lisingepita hivi hivi. Hapo bado hatujaliambatanisha na vijineno vidogo. 'Get up' ni kuamka, au kusimama. 'Get on' ni kupanda basi, au kuelewana na jirani, au kuendelea na kazi, au hata kuzeeka. 'Get by' ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho. 'Get away' ni kutoroka. Ongeza kijineno kimoja tu, 'get away with', na maana yake inakuwa kufanya kosa ukaponea adhabu. Katika hesabu ya Ogden mnyororo wote huu ni neno moja, yaani moja katika 850. Vijineno vile navyo vilihesabiwa, kila kimoja peke yake na mara moja tu. Ndoa zao hazikuhesabiwa kabisa.

Ajabu ni kwamba Ogden huyu huyu, akishirikiana na I. A. Richards, alikuwa ameandika mwaka 1923 kitabu kizima kuhusu maana ya maana. Mtu aliyelichimba jambo hilo kwa kina namna ile ndiye wa mwisho niliyemtazamia ahesabu maneno akaacha kuhesabu maana.

Kwa Mswahili tatizo hili lina sura yake. Sisi nasi tunalo neno 'pata', na si neno dogo. Tunapata barua, tunapata homa, tunapata mtoto, tunapata hasara. Kisu kikali kinapata. Saa nayo yapata saa nne. Nasema 'sijapata kuona', na hapo hakuna kitu chochote nilichokitia mkononi. Hata hivyo, maana zinapozidi kutawanyika, Kiswahili hulibadilisha neno lenyewe mkiani ili msikilizaji ajue: waliogombana wamepatana, mzee amewapatanisha, sukari inapatikana dukani, mtoto amepatia jibu. Mabadiliko yamo ndani ya neno, nawe unayaona na kuyasikia. Kiingereza chaliacha neno lilivyo, kisha chabadilisha jirani yake. Basi mtoto wetu, aliyezoeshwa na lugha yake kuitafuta maana ndani ya neno, anaikodolea macho 'get' asione kitu, kwa kuwa anachokitafuta kimekaa nyumba ya pili.

Namkumbuka mwanafunzi mmoja, hodari wa hesabu na mwenye mwandiko mzuri, aliyesoma katika kifungu cha ufahamu kwamba kijana fulani 'got over his father's death'. Akaandika kwa Kiswahili kuwa kijana yule aliruka juu ya kifo cha baba yake. Wenzake walicheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Alikuwa amefundishwa 'get', amefundishwa 'over', akajumlisha kama alivyojumlisha siku zote katika hesabu. Jumla yake ilikuwa sahihi. Lugha ndiyo haikufuata kanuni ile. Na mtoto wa namna hiyo akimaliza darasa la saba katika shule zetu za serikali hapa Tanzania, anakwenda sekondari kukutana na jiografia na baiolojia kwa Kiingereza. Maneno marefu ya baiolojia mwalimu wake atayaeleza, kwa kuwa yanaonekana magumu. 'Get' hakuna atakayeieleza, kwa kuwa inaonekana rahisi.

Sipendi kumwonea Ogden. Alikuwa na hoja, tena nzito. Alisema vitenzi vyake vilianzia kwenye matendo ya mwili: kwenda, kuja, kutoa, kuchukua, kuweka. Vijineno navyo vilianzia kwenye mahali: juu, chini, ndani, nje. Ukimwonyesha mwanafunzi tendo kwa mwili wake, ataifuata maana hadi kwenye mambo ya moyoni. Mtu avukaye ukuta na mtu avukaye msiba wanafanana, na hata sisi twasema fulani amevuka salama. Kwa 'get over' hoja hii inasimama. Ningekuwa nimeifundisha hivyo siku ile, huenda yule kijana asingeruka. Walakini niambie, ni mwili gani utakaonionyesha kwa nini 'get by' iwe kujikimu? Au 'get on' iwe kuelewana na jirani? Njia ya Ogden inakufikisha nusu ya safari, kisha inakushusha porini.

Aliyeliona hili mapema ni Michael West, mwalimu aliyefanya kazi miaka mingi huko Bengal, na ambaye mwaka 1934 alikuwa miongoni mwa waandishi wa uchambuzi mkali dhidi ya mpango huu. Orodha aliyoitoa West mwenyewe mwaka 1953, yenye maneno kama 2,000, haivutii kama ile ya Ogden. Ni ndefu, ni kavu, imejaa asilimia. Lakini ni kazi ya uaminifu zaidi, kwa sababu chini ya kila neno zimeandikwa maana zake, na kila maana hutumika kwa kiasi gani. Mwalimu anajua aanze na ipi na ipi isubiri. Baina ya wawili hawa, mimi ningempa West chaki.

Sina budi kuwagusa pia walimu wenzangu. Wapo waliolikomesha tatizo kwa kupiga marufuku: 'get' ni neno la wavivu, wakasema, tumia 'receive', tumia 'become', tumia 'arrive'. Insha zikawa safi, watoto wakabaki hawaelewi mazungumzo ya Mwingereza yeyote aliye hai. Ni dharau ile ile waitoayo wageni kwa 'piga' yetu, eti lugha maskini, kila kitu kinapigwa: simu, pasi, kura, picha, magoti, mswaki. Neno linalotumwa na kila mtu katika nyumba haliitwi vivu.

Kwa hiyo kitabu cha Ogden sikitupi. Yale majina 200 aliyoyatenga kwa kuwa yanaweza kuchorwa, kama mwavuli, gurudumu, dirisha na bawa, ni hazina kwa mwalimu wa darasa la tatu asiye na vitabu vya kutosha. Ayachore kwenye manila na kuyabandika ukutani hata kesho. Vitenzi 18 asivibandike. Avifundishe kimoja kimoja, pamoja na majirani zake wote, na 'get' aitengee muhula mzima.