Makazi ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Ndege na Mji

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya. Ikiwa mwandishi amekusudia jambo moja na msomaji akaelewa jingine, istilahi hiyo haijafaa, hata kama ni ya Kiswahili safi. Katika uhakiki huu twalitazama neno "makazi", pamoja na maneno machache yanayoandamana nalo, jinsi linavyotumika katika maandishi yanayoeleza namna mji unavyochagua ndege wa kuishi ndani yake. Mfano wetu ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu huko mji, vihamba na msitu vimepangana kama ngazi, na kila daraja lina ndege wake.

Neno "makazi" limebebeshwa dhana mbili. Kwa mpangaji wa miji ni mahali wakaapo watu: nyumba, viwanja na mitaa. Kwa mwanabiolojia ni mahali ambapo kiumbe hupata chakula, maji na maficho, akaweza kuishi na kuzaa. Sasa tuchukue sentensi kama hii: "Kupanuka kwa makazi kunapunguza makazi." Kisarufi haina kosa. Lakini afisa wa ardhi akiisoma atauliza ni nyumba za nani zilizobomolewa, ilhali mwandishi alikuwa akilalamikia miti iliyokatwa.

Wapo wafasiri walioiona kasoro hii wakaongeza kivumishi, wakasema "makazi asilia". Dawa hiyo yazaa ugonjwa mwingine. Teleka mdogo, ambaye wengi humchanganya na mbayuwayu, kwa asili hujenga katika majabali na mapango; mjini hujenga chini ya mapaa na kwenye kuta za majengo. Kwake yeye ukuta wa ghorofa ni jabali. Njiwa wa mjini ni uzao wa njiwa wa majabali vilevile. Naye korongo mfuko-shingo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, hupata riziki yake majalalani. Hakuna lililo asilia katika ukuta wala katika jalala, lakini ndege hao wanaishi hapo. Kivumishi "asilia" kinawafungia nje ndege wale wale tunaotaka kuwaeleza.

Kasoro ya pili ni kuwagawa ndege katika makundi mawili tu, "wa mjini" na "wa porini". Mgawanyo huo hauwezi kusimama Kilimanjaro. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari; juu yake, takriban kati ya mita 1,000 na 1,800, kuna ukanda wa vihamba, penye migomba, mibuni na miti mirefu kama mringaringa. Kihamba si mji wala si pori. Watu wamesongamana humo, na bado shore na chozi hupata matunda, wadudu na maua. Hata ukingoni mwa mji wenyewe umo Msitu wa Rau wenye mivule yake mikubwa.

Mtafiti Robert Blair, aliyechunguza ndege wa sehemu za California, Marekani, alitoa mwaka 1996 mgawanyo wa makundi matatu, nao watufaa zaidi. Twapendekeza uitwe hivi: "mkwepa-mji", ndege anayetoweka ujenzi unapoanza, "mzoea-mji", anayeridhika na bustani na miti ya kati, na "mtegemea-mji", anayestawi kwa majengo na taka za watu. Kuzi wa Abbott, ndege wa misitu ya milimani, ni wa kundi la kwanza. Shore ni wa pili. Njiwa wa mjini ni wa tatu. Majina haya yanataja uhusiano wa ndege na mji, na hivyo yanamwongoza msomaji kwenye sababu.

Tatu, neno "kunguru" likiachwa peke yake lina hatari. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na kampeni za kumpunguza zimefanywa Zanzibar na Dar es Salaam. Lakini kunguru mwenye kifua cheupe aonekanaye Moshi ni mwenyeji wa Afrika, na mwenye shingo nyeupe nyuma, aokotaye makombo katika kambi za wapanda mlima, ni mwenyeji vilevile. Waraka unaosema tu "kunguru ni ndege vamizi" unaweza kumfikisha asiye na hatia kwenye adhabu ya mwingine.

Kwa hiyo twashauri "makazi" liachiwe binadamu, na mahali aishipo kiumbe paitwe "maskani". Tunajua kwamba huko Zanzibar "maskani" ni pia baraza la vijana na la wanasiasa. Hata hivyo ni vigumu kulidhania baraza hilo katika "maskani ya teleka", ilhali "makazi" mawili hukutana kila siku katika waraka mmoja wa mipango miji. Afisa anayepaswa kuamua kama mti wa barabarani ukatwe au ubaki anastahili kuelezwa, kwa neno lisilo na utata, kwamba mti huo ni maskani ya ndege.