Kimea Kizuri Huanzia Shambani

Tumefika mahali ambapo unga wa ulezi uliokaangwa mpaka ukanukia unapewa zawadi kwenye maonyesho ya wakulima, eti ni unga wa kimea, na majaji wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Harufu ile ndiyo ingepaswa kuwashtua. Kimea ni punje iliyooteshwa na kukaushwa; kikishapita kwenye kikaango nguvu yake ya kulegeza uji imekwisha. Kinachobaki ni unga wa kawaida wenye jina kubwa.

Kipimo ni sufuria. Songa uji mzito mpaka mwiko usimame, epua, uache upoe hadi kidole kivumilie, kisha koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji unalegea na kutiririka. Ndiyo maana miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea kwenye uji wa watoto: unga unaongezwa na mtoto bado anaweza kuunywa. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke, ndipo mtoto apewe. Anayetupia kimea kwenye maji yanayotokota anakiua mwenyewe, halafu anamlaumu muuzaji.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawalielewi kamwe ni mzizi. Wanafunua gunia, wanakuta ulezi umeota nyuzi ndefu zilizosokotana, wanashangilia. Fundi akiona hivyo anajua amechelewa. Kila siku ya ziada mche unakula wanga tuliokuwa tunautaka sisi, na kijani kikishachungulia, hayo ni majani, si kimea. Mzizi usizidi urefu wa punje mbili. Sikubali mjadala juu ya hilo. Bibi mmoja wa Kibosho, mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, aliyeheshimika mtaa mzima, hakuwa akihesabu siku. Alivumbika ulezi wake kwenye majani ya mgomba, na kila alfajiri alipenyeza mkono katikati ya lundo kusikiliza joto. Likipanda kupita kiasi, alitandaza na kunyunyiza maji. Likitulia na mizizi ikaanza kushikana bila kukazana, alianika palepale, hata kama wageni wako mlangoni. Kimea kikikauka alikisugua kwenye ungo mizizi ikatike, akapeta, akatia punje chache kati ya meno ya mbele. Kimea kilichoiva kinavunjika kuwa unga na kuacha utamu nyuma ya ulimi. Kisichoiva kinagoma na kuteleza. Kimea chake hakikuwahi kumwangusha.

Kusugua si urembo. Mche na mizizi ya mtama vina kitu kinachozalisha sianidi, kwa hiyo anayetengeneza kimea cha mtama bila kuviondoa asikisogeze karibu na mtoto. Kwa watoto, chukua ulezi.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi. Kwenye maonyesho yale ya wakulima niliambiwa kwamba kuotesha kunaongeza madini ya chuma. Si kweli. Ndani ya punje kuna fitati inayoshikilia chuma na zinki visifyonzwe tumboni; punje ikiota, kimeng'enya kinaanza kuivunja na madini yanafunguka. Vitamini C nayo huongezeka kwenye punje mbichi inayoota, ingawa jua na moto huichukua tena. Lakini chuma na zinki zenyewe zilitoka ardhini. Kimea ni ufunguo, na ufunguo haujazi ghala. Tafiti zilizofanyika Malawi na Ethiopia zimeonyesha kwamba nafaka ya aina ileile hutofautiana sana kwa zinki na seleni kufuatana na udongo ilikoota.

Wafipa walilijua shamba kabla ya maabara. Walifukia nyasi kwenye matuta yaitwayo ntumba, zikaoza, na baadaye matuta yakasambazwa na kupandwa ulezi. Wamatengo wa Mbinga nao walifukia nyasi kwenye miteremko yao, kwa kilimo cha mashimo kiitwacho ngoro. Siku hizi mahali pengi nyasi zinachomwa, udongo unabaki mtupu, kisha tunashangaa punje ni nyepesi. Ulezi wa ardhi iliyochoka nautambua mkononi: umesinyaa, una vumbi jingi, na ukiuloweka nusu inaelea. Punje zisizoota huoza katikati ya zilizoota, na hapo ukungu unapata makao. Otesha punje 100 kwanza. Zikiota chini ya 90, usiuvumbike ulezi huo.

Walaghai nao wana mbinu zao. Wapo wanaochanganya kimea kidogo na ulezi mbichi mwingi, na wapo wanaotia sukari ili ulimi ukubali haraka. Nilimjua mmoja sokoni aliyeanika kimea chenye ukungu juani, akakisaga usiku, na kukiuza asubuhi kwa bei ya juu kuliko wote. Ukungu uliosagwa hauonekani, kwa hiyo usinunue kimea kilichokwisha sagwa. Nunua punje, zinuse, zing'ate, kisha umwulize muuzaji ulezi ulilimwa wapi na udongo ule ulilishwa nini. Akishindwa kujibu, mrudishie.