Mkondo, Hadubini na Kupenya: Maneno ya Umeme Upitao katika Molekuli Moja

Neno "umeme" lilikuwa jina la mmweko wa radi kabla halijawa jina la nguvu iendayo katika waya. Na "mkondo" lilikuwa neno la maji kabla halijaazimwa na waalimu wa fizikia. Mkopo huo ni mwema. Huko Madibira, wilayani Mbarali, ambako maji ya mto Ndembera hugawanywa kwa mifereji katika mashamba ya mpunga, mtoto huujua mkondo kabla hajauona ubao wa shule. Akiambiwa kwamba katika waya nako kuna mkondo, amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Lakini sitiari hiyo ina mpaka. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, walitengeneza chombo ambacho ncha yake ya madini huletwa karibu mno na uso wa kitu pasipo kuugusa. Mwaka 1986 wakapewa tuzo ya Nobel. Kati ya ncha na uso hapana waya, na hata hivyo umeme hupita. Tena ncha ikisogezwa mbali kwa sehemu ya kumi tu ya nanometa, umeme hubaki kama sehemu ya kumi ya ule wa kwanza. Hakuna mfereji Madibira wenye tabia hiyo.

Kiingereza hukiita kitendo hiki kwa jina la njia ichimbwayo chini ya ardhi. Mfasiri atakayeandika "handaki" atakuwa ameshika neno na kuiacha maana, kwa kuwa elektroni haichimbi kitu wala haiachi tundu. Kiswahili kina neno lililo bora, nalo ni "kupenya". Husemwa kwamba sauti imepenya ukuta, na hapana adhaniaye kuwa ukuta umetobolewa. Na kadiri ukuta uzidivyo unene, ndivyo sauti izidivyo kufifia. Mfano huu si kamili, lakini haupotoshi.

Jina la chombo nalo lina kasoro. "Hadubini" ni chombo cha jicho, na hiki hakioni: hupapasa, kama kidole cha kipofu asomaye maandishi ya nukta. Kukiita "papasi" hakufai, maana hilo ni jina la kupe. Basi "hadubini ya mpenyo" na litumike, ila fasili yake katika kamusi ieleze huo mpapaso.

Hata "kupima" kwahitaji uangalifu. Mwaka 2003 Bingqian Xu na Nongjian Tao, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, waliigusisha ncha ya dhahabu na uso wa dhahabu ndani ya maji yenye molekuli, kisha wakaivuta. Umeme ulishuka kwa ngazi, na kidato cha mwisho kilikuwa cha molekuli moja. Kwa molekuli ya baipiridini ukinzani ulikuwa kama megaomu 1.3. Hesabu hiyo haikutoka katika mvuto mmoja. Ilipatikana kwa kurudia maelfu ya mara na kutazama ni kiasi gani kilichojitokeza zaidi. Mwenye kuandika "kipimo cha molekuli moja" bila ya kulieleza jambo hilo amempa msomaji picha ya mizani ya sokoni.

Kwa hiyo "mkondo" lisitupwe. Lipewe mpaka wake: litawale katika waya, na penye pengo liliachie "kupenya" nafasi. Istilahi isiyotaja mpaka wake humfanya mwanafunzi atafute mfereji mahali ambapo hapana.