Saini ya Nani Kwenye Kibali?

Nchini Uingereza, ruhusa ya mdomo ya kuwinda njiwa pori shambani inaweza kuwa halali kabisa, na bado ikamtia mwindaji matatani. Mkulima amesema "karibu", mgeni ameingia na bunduki, jirani kapiga simu polisi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 kinamhesabu kuwa mhalifu mtu anayeingia kwenye ardhi ya mwenzake na bunduki bila idhini wala sababu ya msingi, na adhabu yaweza kufika miezi 3 jela. Ikiwa wakati huo mkulima yuko mnadani na simu yake haipatikani, mgeni wake hana cha kuonyesha.

Karatasi basi inahitajika. Kazi ngumu zaidi ni kujua nani wa kuisaini.

Huko, haki ya kuwinda yaweza kutenganishwa na ardhi yenyewe, ikauzwa au kukodishwa peke yake. Anayelima mara nyingi ni mpangaji. Mwenye ardhi huweza kujibakizia uwindaji katika mkataba, kisha akaukodisha kwa kikundi cha wawindaji wasiolima hata jaruba moja. Mpangaji wa namna hiyo anaweza kumkaribisha mtu kwa moyo mweupe kabisa, kumbe anagawa asichonacho. Ndiyo maana swali la kwanza la mwindaji makini halihusu njiwa. Huuliza: shamba ni lako au umepanga, na haki ya kuwinda iko kwa nani?

Ugomvi kuhusu haki hiyo ni wa zamani. Katika karne ya 19 wapangaji walitazama sungura wakimaliza mazao yao bila ruhusa ya kuwagusa, kwa sababu wanyama hao walihesabiwa kuwa burudani ya mwenye ardhi. Mwaka 1880, chini ya serikali ya William Gladstone, Bunge lilipitisha sheria iliyompa kila mkaaji wa shamba haki ya kuua sungura, wale wa mashimoni na wale wa nyikani, na mkataba wowote wa kumnyang'anya haki hiyo ukawa batili. Wenye ardhi nao hawakuachwa mikono mitupu. Bunduki iliruhusiwa kwa mpangaji mwenyewe na mtu mwingine mmoja tu, tena aliyeandikiwa kibali. Mtu huyo awe wa nyumbani kwake, mfanyakazi wa shamba hilo, au aliyeajiriwa kwa malipo kwa kazi hiyo.

Sheria hiyo ingali hai. Kwa hiyo mpangaji asiye na haki nyingine ya uwindaji, akiwaandikia marafiki wawili waje kupiga sungura, amevuka mamlaka yake, hata kama barua zote mbili zina saini safi.

Kwa njiwa pori kuna ngazi nyingine. Ndege huyu hushambulia hasa rapa, mmea wa maua ya njano unaolimwa kwa mafuta ya mbegu zake. Kisheria ndege wote wa porini wanalindwa, na anayempiga njiwa kulinda mazao hutegemea leseni ya jumla ya serikali, ambayo humfunika mwenye ardhi, mkaaji wake, au mtu aliyeidhinishwa na mmojawapo. Uzito wa masharti yake ulionekana Aprili 2019. Shirika la kutetea wanyamapori la Wild Justice, ambalo mtangazaji wa televisheni Chris Packham ni mmoja wa waanzilishi wake, lilipinga leseni hizo kisheria, na mamlaka ya Natural England ikazifuta kwa taarifa ya siku chache tu. Leseni mpya zilipotolewa, msisitizo ulikuwa kwenye sababu: kuna zao gani, linaharibiwaje, na njia zisizoua zimejaribiwa? Kibali kinachotaja zao na madhara yake humsaidia mwindaji kujibu maswali hayo.

Kibali kizuri pia hubeba ramani. Mipaka ikichorwa, kila mmoja anajua risasi ziishie wapi. Risasi ya bunduki ya upepo ikivuka mpaka bila ridhaa ya jirani, ni kosa. Kupiga bunduki ndani ya futi 50, yaani kama mita 15, kutoka katikati ya barabara ya magari nako ni kosa, endapo mpita njia ataumizwa, atasumbuliwa au atahatarishwa. Njia za umma za waenda kwa miguu, zinazokatiza mashamba mengi ya huko, huwekewa alama kwenye ramani hiyohiyo.

Kuhusu bima, sheria haimlazimishi mwindaji kuwa nayo. Wakulima ndio huidai, kwa sababu ng'ombe wa jirani akipigwa risasi, kesi yaweza kuwafuata na wao. Wengi huipata kupitia uanachama wa BASC, chama cha wawindaji kilichoanzishwa mwaka 1908 na Stanley Duncan. Uanachama wake kamili huja na bima ya hadi pauni milioni 10 kwa madhara yanayowapata watu wengine au mali zao.

Hapa ndipo karatasi mbili, kibali na bima, hukutana. Bima ya aina hiyo hufunika shughuli halali. Mwindaji aliyevuka mpaka wa ramani, au aliyekaribishwa na mtu asiye na haki, anaweza kuhesabiwa mvamizi, na dai lake likaingia mashakani siku ileile anapolihitaji. Jina lililo kwenye kadi ya bima, jina lililo kwenye kibali na mtu aliyeshika bunduki lazima viwe kitu kimoja. Rafiki aliyekuja kumsindikiza hafunikwi kwa sababu tu ya urafiki.

Anayeomba cheti cha bunduki ya risasi moja moja (rifle) hukutana na polisi kabla ya shamba. Lazima aonyeshe sababu ya msingi ya kuimiliki, na barua ya mwenye ardhi ni ushahidi wa kawaida. Polisi huweza kukagua kama eneo lenyewe linafaa kwa silaha hiyo. Cheti hudumu miaka 5, uanachama wenye bima huhuishwa kila mwaka, na kibali chaweza kukoma siku shamba linapouzwa au mpangaji anapobadilika, hata kama karatasi haina tarehe ya mwisho.