Kinini na chupa ya maganda

Hapa Goma kidonge cho chote tunakiita kinini: cha kichwa, cha tumbo, hata cha minyoo. Jirani zetu wa Rwanda nao wanasema ikinini. Wachache wanakumbuka kwamba jina hilo lilitoka katika ganda la mti, kinkina, uliokuja toka milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, kule Paris, Pelletier na Caventou walitoa ndani ya ganda lile kitu chenyewe kinachopiga malaria. Kiisha Kivu yetu ikapandwa kinkina, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kikafanya kinini miaka mingi.

Tunakumbusha hayo kwa ajili ya mabishano tunayosikia sokoni na hata kwenye shule zetu. Wamoja wanasema: dawa ya miti ni ya asili, haina ubaya. Wengine wanacheka: ni ushirikina tu. Sisi tunaona wote wamekosa.

Wa kwanza tunawauliza: chupa moja inaponya namna gani malaria, sukari, ugumba na vidonda vya tumbo? Mama mmoja anakunywa kijiko, mwenzake glasi nzima. Asili nayo iko na sumu. Munganga wa kweli alijua hivyo: alipima, na mwenye mimba alimkatalia.

Wa pili wanasahau kwamba kinini yenyewe ilianza kama ganda la kusaga. Lakini ilipimwa, na kupima si kazi ya siku moja. Ganda linakaushwa, linasagwa, linalowekwa, maji yake yanatiwa juu ya vidudu ndani ya kioo. Vidudu vikikufa, watu wanapiga kelele: dawa imepatikana! Hapana. Hata javeli inaua vidudu, na hakuna anayeinywa. Inabaki kujua sumu yake, kipimo chake, na kama wagonjwa wanapona kuliko kwa dawa iliyopo.

Hata kinini haikuachiwa heshima ya bure. Mwaka 2010 yalitangazwa majibu ya jaribio lililofanywa katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwa ndani, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Kwa kila watoto 1,000 waliopewa kinini walikufa karibu 109. Waliopewa artesunati, inayotoka kwa mmea wa artemisia, karibu 85. Mmea mmoja ulishindwa na mwingine, kwa hesabu, si kwa matusi.

Basi waganga waseme wazi mti gani, sehemu gani, kiasi gani. Wasomi nao wasichukue maganda ya wazee na kupotea. Warudishe jibu, hata kama ni «hapana». Maana wakati sisi tunabishana, kuna mtoto mwenye homa kali amelazwa nyumbani siku ya tatu, na chupa pembeni yake.